Saa 72 za kwanza: barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Kigoma

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya za Kigoma, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe na Uvinza,
Kamanda wa Polisi wa Mkoa,
Mganga Mkuu wa Mkoa,
Wakurugenzi wa halmashauri zote nane.

YAH: FOMU, DAWA NA NAULI KWA MWANAMKE ALIYEFANYIWA UKATILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, sisi ni wasaidizi wa kisheria, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii wastaafu tunaowahudumia wanawake na watoto waliofanyiwa ukatili katika mkoa huu. Hatuombi kampeni mpya, wala fulana, wala maandamano ya siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia yaongezwe yawe ya siku 20. Tunaomba siku tatu. Katika siku tatu za kwanza baada ya tukio ndipo afya ya mwanamke inapookoka au kupotea, na ndipo kesi yake inaposimama au kufa. Kwa sehemu kubwa ya Kigoma, siku hizo tatu anazimaliza akiwa njiani.

Kazi iliyofanyika tunaiona. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu wakiwa na miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta 27. Madawati ya Jinsia na Watoto yapo polisi, vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako manusura hupata huduma zote mahali pamoja, vipo katika baadhi ya hospitali, na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, imeingia awamu ya pili, 2024/25 hadi 2028/29. Sheria ya Kanuni za Adhabu inatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema tangu 1971 kwamba hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake. Mambo haya yote yamekaa makao makuu ya wilaya na mkoa. Mwanamke yuko kitongojini.

Tufuate saa moja baada ya nyingine. Mwanamke amebakwa Ijumaa saa nne usiku, katika kijiji kisicho na kituo cha polisi. Jumamosi asubuhi ndugu wanamkalisha chini kwanza, maana aibu ni ya ukoo mzima. Mchana wanakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye anawaambia barua ya kwenda polisi huandikwa na mtendaji. Jumapili ofisi ya mtendaji imefungwa. Jumatatu wanaipata barua na kupanda bodaboda hadi kituo cha polisi cha kata, ambako wanaambiwa fomu za PF3, zile za polisi za kumpeleka majeruhi hospitali, zimeisha, waende wilayani. Wanafika wilayani jioni na kupewa fomu. Hospitalini daktari wa zamu yuko chumba cha upasuaji. Ikifika saa nne usiku ya Jumatatu hiyo, saa 72 zimekwisha, na katika mlolongo wote huo hakuna mtu hata mmoja aliyemfukuza. Kila aliyemwona alimwelekeza kwa mwingine.

Saa 72 ndiyo mwisho wa kuanza dawa za kuzuia VVU baada ya tukio, ambazo wahudumu wanaziita PEP. Haina maana kwamba saa ya 70 ni sawa na saa ya pili, kwani kila saa inayopita inapunguza uwezo wa dawa. Humezwa kila siku kwa siku 28 bila kuruka. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo mitaani vinajulikana kama P2, vinaweza kutolewa hadi saa 120, lakini navyo hufanya kazi vizuri zaidi vikiwahi. Kuna chanjo ya homa ya ini B, kuna ya pepopunda kama ana vidonda, na kuna dawa za magonjwa ya zinaa. Kipimo cha VVU na cha mimba vifanyike siku ya kwanza, kisha cha VVU kirudiwe wiki ya 6 na mwezi wa 3. Kidonge cha kwanza cha PEP kisisubiri majibu ya kipimo chochote.

Sasa dawa zenyewe ziko wapi? Hapa ndipo panapotuuma. Zahanati nyingi zinazotoa huduma ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto tayari zina kabatini dawa za familia ileile inayotumika kwa PEP. Muuguzi anazigawa kila wiki kwa wajawazito. Akija mwanamke aliyebakwa, muuguzi huyohuyo anamwandikia rufaa kwenda wilayani, kwa sababu hajaelekezwa kwamba anaruhusiwa kuanzisha, na anaogopa ukaguzi utakapokuta kopo limepungua bila jina kwenye daftari la wajawazito. Hili haliombi fedha za wafadhili. Mganga Mkuu wa Mkoa atoe waraka wa ukurasa mmoja, wahudumu wafundishwe siku mbili, na pawepo daftari la pembeni la manusura linalotumia namba badala ya majina. Tunasisitiza namba, kwa sababu zahanati ya kijiji haina siri. Anayefagia ni shemeji wa mtuhumiwa.

Na apewe dozi yote ya siku 28 siku ileile. Tumeona mtindo wa kumpa vidonge vya siku tatu au saba ili "arudi tuone maendeleo". Harudi, maana nauli ya mara ya kwanza alikopa. Wengine huacha katikati kwa sababu dawa zinawachafua tumbo na hakuna aliyewaambia mapema kwamba kichefuchefu ni cha kawaida, kwamba kidonge kinaweza kumezwa pamoja na chakula, na kwamba akitapika muda mfupi baada ya kumeza anameza kingine.

PF3. Viongozi wa serikali wamesema mara nyingi kwamba majeruhi atibiwe kwanza na fomu ifuate. Mlangoni kwa tabibu mambo hayako hivyo, na tabibu ana sababu yake. Anaogopa kuitwa mahakamani akaulizwa kwa nini aligusa mwili ambao ni ushahidi bila karatasi ya polisi. Woga huo utaondolewa na maandishi yenye saini ya Kamanda wa Polisi wa Mkoa na Mganga Mkuu wa Mkoa kwa pamoja, yabandikwe ukutani katika kila kituo cha afya na zahanati. Maneno matatu yanatosha: tibu, andika, piga simu. Polisi Kata akipigiwa simu asajili taarifa na kutoa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha kituo, kwa simu, tabibu aiandike juu ya karatasi ya uchunguzi, na PF3 yenyewe ijazwe askari akifika. Fomu zenye namba za mfululizo zigawiwe vituo vyote vya kata, tuseme 20 kwa kila kituo, na mkuu wa kituo atoe hesabu kila mwezi kama anavyotoa hesabu ya risasi. Kituo kisiwe na haki ya kusema fomu zimeisha. Na manusura asiuziwe glovu.

Ujazaji wa fomu una makosa yanayojirudia. Sehemu ya polisi huwa na tarehe ya kuripoti mahali palipotakiwa tarehe ya tukio. Sehemu ya tabibu huandikwa mstari mmoja: "hana bikira." Mstari huo haumsaidii mtu. Mwanamke mwenye watoto watatu hana bikira na amebakwa, na msichana anaweza kuwa nayo na amebakwa vilevile. Mahakama inahitaji kuambiwa kilichoonekana: mchubuko wa sentimita 2 paja la kushoto upande wa ndani, rangi nyekundu, unauma ukiguswa, hakuna jeraha sehemu za siri, uchunguzi umefanyika saa ngapi, tarehe ngapi, saa ngapi baada ya tukio. Kutokuwepo kwa jeraha kuandikwe hivyohivyo, bila tabibu kuongeza hukumu yake kwamba hakubakwa. Aandike jina kamili, cheo, namba ya usajili na simu, kwa herufi zinazosomeka, maana kesi itasikilizwa baada ya miezi mingi, na huenda wakati huo amehamishiwa mkoa mwingine.

Tuseme kidogo kuhusu nguo, jambo linaloonekana dogo. Mama mwenye akili timamu, mwanawe akija analia na kanga ina damu, anachofanya kwanza ni kumwogesha na kuiloweka kanga. Ni mapenzi ya mama. Ikitokea amewahi kuambiwa asifue, huitia kwenye mfuko wa nailoni na kuufunga fundo ili isitoe harufu. Joto na unyevu vinafanya kazi yao, na kwa siku mbili kanga imeota ukungu mweusi na alama zote zimeoza. Nguo ianikwe kivulini mpaka ikauke, isianikwe juani. Kila nguo iingie mfuko wake wa karatasi ya khaki, wa aina ileile ya kufungia sukari dukani, ufungwe kwa gundi ya karatasi, na aliyeufunga asaini juu ya gundi ili saini ikatike ukifunguliwa. Juu yake yaandikwe jina au namba, tarehe, saa, na nani amempa nani. Mifuko 30 ya khaki kwa kila zahanati ni fedha ya chai ya kikao kimoja. Ujumbe wa kutooga na kutofua uwafikie wakunga wa jadi, walimu wa madrasa, wamama wa VICOBA na viongozi wa jumuiya ndogondogo, kwa sababu wao ndio watakaokuwa na mama yule dakika ile. Bango la hospitali ya wilaya atalisoma baada ya kufua.

Sasa mahakamani. Wananchi wa Kigoma wanaamini kwamba mbakaji akiachiwa, hakimu amekula. Mara nyingi kilichomwachia ni mambo tunayoweza kuyazuia. PF3 huondolewa kwenye ushahidi na Mahakama ya Rufani kwa sababu haikusomwa kwa sauti baada ya kupokelewa kama kielelezo, au kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa kwamba ana haki ya kutaka tabibu aitwe. Kesi ya kubaka msichana chini ya miaka 18 huanguka kwa sababu hakuna aliyethibitisha umri, ilhali mama yake alisimama kizimbani na angeulizwa swali moja tu angelijibu, na kadi ya kliniki iko nyumbani kwenye mkoba wa plastiki ukutani. Ushahidi wa mtoto hutupwa kwa sababu mahakama haikuandika kwamba ameahidi kusema ukweli, utaratibu uliowekwa na marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016. Hati ya mashtaka inasema tarehe 4, mashahidi wanasema tarehe 6, na hakuna aliyeomba kuirekebisha. Na mara nyingi sana maelezo ya polisi yanasema mtoto "alifanyiwa tabia mbaya", nukta. Kubaka kunathibitishwa kwa kuonyesha kwamba kulikuwa na kuingiliwa, hata kwa kiasi kidogo. Askari aliyeona haya kuuliza, na mtoto aliyeona haya kusema, wameiacha kesi bila mguu. Dawati liwe na askari wa kike aliyefundishwa kumhoji mtoto kwa maneno ya mtoto, na chumba ambacho mlango wake hautazami benchi la watuhumiwa.

Sheria yenyewe haina ugumu tunaousingizia. Sheria ya Ushahidi inaruhusu mahakama kumtia hatiani mshtakiwa wa kosa la kujamiiana kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Kazi iliyobaki ni kuuchukua ushahidi wake vizuri mara moja, mapema, na mtu anayejua anachotafuta.

Mwaka 2019 nchi nzima ililisikia neno "teleza" kutoka Kigoma Ujiji: wanaume waliojipaka mafuta mwilini ili wasishikike, wakaingia usiku kwenye nyumba za wanawake na kuwabaka, wengi wao wanawake wanaoishi na watoto tu bila mwanamume ndani. Jambo lile lilifundisha kitu ambacho hatuoni kimefanyiwa kazi ipasavyo. Utambuzi wa usiku una vigezo vyake mahakamani: palikuwa na mwanga wa nini, mkali kiasi gani, umbali gani, alimwona kwa muda gani, alimfahamu kabla, na je, alimtaja kwa mtu wa kwanza aliyemkuta. Maelezo yanayosema "nilimtambua kwa mwanga wa taa" hayatoshi. Kibatari, taa ya sola au tochi ya simu? Ilining'inia wapi? Alikuwa karibu na mlango au kitandani? Askari anayechukua maelezo awe na maswali haya kwenye karatasi mbele yake. Na jirani wa kwanza kufika afundishwe kukumbuka jina alilotajiwa, kwani ushahidi wake una uzito. Kwa Manispaa tunaomba taa za mitaa katika kata zenye vichochoro, na masharti kwa wapangishaji kwamba chumba hakipangishwi kikiwa na mlango wa bati na komeo la msumari uliopindwa.

Kipigo cha nyumbani kina njia yake. Hatuna sheria moja mahsusi ya ukatili wa majumbani, hivyo mume anayempiga mkewe hushtakiwa kwa shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili au kujeruhi vibaya, kutegemea majeraha. Mwanamke akifika kituoni na jicho limevimba huambiwa akamalize na wazee, au aende baraza la usuluhishi la kata. Baraza hilo, kwa Sheria ya Ndoa, ni hatua kuelekea shauri la talaka. Halikuwekwa liwe chujio la makosa ya jinai, na kumpeleka mtu mwenye mkono uliovunjika akae meza moja na aliyeuvunja ni kumrudisha kwenye kipigo. Tunaomba Kamanda awaandikie wakuu wa vituo jambo hilo. Vilevile fedha za mavuno zikiingia, iwe kahawa ya Kalinzi, maharage ya Kasulu au mawese, ugomvi wa nani auze gunia huzaa majeraha. Maofisa maendeleo ya jamii wapange ziara zao vijijini kwa kalenda ya mavuno, na kamati za MTAKUWWA za vijiji zikae kabla ya wanunuzi kufika.

Wengi hufuta malalamiko, na tunaomba wasilaumiwe kwa hilo. Mume akiwekwa mahabusu, nyumba imekosa mwenye kulipa kodi na mwenye kupeleka mahindi kinuni. Ndugu zake hufika usiku na mbuzi au na bahasha. Mwenyekiti wa kitongoji hushuhudia makubaliano na kugonga muhuri. Muhuri wa serikali juu ya fidia ya ubakaji ni jambo la kutisha, na Wakuu wa Wilaya wana uwezo wa kulikomesha kwa kuwachukulia hatua viongozi wawili watatu. Kwa upande mwingine, asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri iliyotengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake itafutiwe namna ya kumfikia mwanamke aliyetoka nyumbani na nguo alizovaa, kwani hana kikundi wala mdhamini. Usiku wa kwanza anahitaji mahali pa kulala. Leo analala kwa jirani, na mume anajua nyumba ya jirani.

Mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika tunautaja peke yake. Mtu wa Kalya, Sibwesa au Buhingu hana bodaboda ya kumfikisha Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa. Ana boti, na boti inategemea upepo, abiria na mafuta. Upepo ukichafuka siku mbili, hesabu yetu ya saa 72 imekufa kabla haijaanza. Kwa vijiji hivi dawa lazima ziwe kijijini kwenyewe: dozi tatu kamili za PEP, pakiti tano za P2, vipimo, mifuko, na tabibu aliyefundishwa kuandika uchunguzi. Halmashauri ya Uvinza iwe na makubaliano ya maandishi na wenye boti, kwamba anayesafirishwa kwa barua ya zahanati analipiwa na halmashauri mwisho wa mwezi. Wenye boti watakubali wakilipwa kweli. Wakikopwa mara mbili hawatakubali ya tatu.

Kuhusu kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta, wanawake wanaotoka kambini kutafuta kuni wanabakwa porini, na wa vijiji jirani wanaokwenda pori lilelile wanabakwa pia. Doria ya asubuhi kwenye njia za kuni iwahusu wote. Huduma za manusura zinazotegemea mashirika ndani ya kambi zitapungua kadiri fedha za wafadhili zinavyopungua, na hospitali za Kasulu na Kibondo zinapaswa kujiandaa sasa kuzibeba.

Halmashauri zinaandaa bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Tunaomba kila mkurugenzi aingize kifungu kimoja chenye jina lake: nauli na mawasiliano ya manusura, pamoja na posho ya mashahidi wanaotoka vijijini kwenda Mahakama ya Wilaya, ili mama asije mara nne kwa fedha yake akaacha kuja ya tano. Tunaomba pia takwimu za kila robo mwaka zibadilike. Badala ya kuhesabu watu waliopewa elimu, zihesabiwe saa kati ya tukio na kidonge cha kwanza, kata kwa kata, na zibandikwe kwenye mbao za matangazo za halmashauri. Mkitaka msaada wa kuandaa fomu ya kukusanya saa hizo, sisi tupo, na tutaifanya bila posho.

Mtoto, au yeyote anayejua mtoto aliyefanyiwa ukatili, apige 116 bila malipo. Namba hiyo iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kila shule, ghati na soko la mkoa huu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wasaidizi wa kisheria, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii wastaafu,
Mkoa wa Kigoma.

Nakala: Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Ofisi ya Rais, TAMISEMI, waheshimiwa wabunge na madiwani wa Mkoa wa Kigoma.